Mhandisi Mkuu wa Meli: Kazi Yake ni Nini?

Ndugu msomaji, huenda umewahi kupanda meli. Kama unakaa kando ya Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa, huenda umesafiri na magunia yako ya mahindi, madumu ya mawese au dagaa wakavu. Kama unakaa pwani, huenda umevuka kwenda Unguja au Pemba. Ulipokuwa melini ulimwona karani wa tiketi. Uliwaona mabaharia wakifunga kamba gatini. Ulisikia watu wakimtaja nahodha.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye huenda hukumwona kabisa. Yeye hufanya kazi chini, tumboni mwa meli, penye joto na kelele. Mtu huyo ni mhandisi mkuu wa meli. Mabaharia wengi humwita "chifu".

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mbegu, mbolea na mifugo. Utauliza, bwana shamba ana habari gani na meli? Jibu lake ni rahisi. Mazao ambayo mkulima ameyahangaikia msimu mzima yanaweza kuozea gatini kwa sababu meli imeharibika. Mbolea inaweza kuchelewa mpaka mvua zikapita. Na juu ya mazao kuna roho za watu. Kwa hiyo ni vizuri tujue meli hutunzwa namna gani, na nani anayeitunza. Tena kazi ya mtu huyu ina mafundisho kwa kila kijiji chenye mashine ya kusaga, pampu ya maji au mashua ya injini.

WAKUBWA WAWILI

Nahodha ndiye mkuu wa meli nzima. Yeye huamua meli iende wapi, ipite njia gani, na itie nanga wapi. Amri ya mwisho ni yake.

Mhandisi mkuu yuko chini ya nahodha, lakini ndiye mkuu wa mitambo yote. Nahodha akitaka kujua kama injini zinaweza kwenda mbio zaidi, humwuliza yeye. Akitaka kujua kama mafuta yatatosha mpaka mwisho wa safari, humwuliza yeye. Naye lazima aseme kweli, hata kama kweli hiyo haipendezi. Nahodha akidanganywa kuhusu mafuta, ataipeleka meli mahali ambapo haiwezi kurudi.

MELI NI KIJIJI KINACHOELEA

Wengi hudhani kwamba mhandisi mkuu anatunza injini moja tu. Sivyo. Fikiri juu ya meli kama kijiji kizima kinachoelea juu ya maji. Kijiji hicho kinahitaji nguvu, taa, maji, usafi na ulinzi wa moto. Vyote hivyo vinatoka chumba cha mashine.

Kwanza kuna injini kubwa. Injini hii huzungusha mhimili mrefu wa chuma unaotoka nyuma ya meli. Mwisho wa mhimili huo kuna rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka ndani ya maji na kuisukuma meli.

Pili kuna jenereta za umeme. Bila umeme hakuna taa, hakuna redio ya kuomba msaada, na pampu nyingi hazifanyi kazi.

Tatu kuna mitambo ya usukani. Meli kubwa haigeuzwi kwa nguvu ya mikono ya mtu. Nahodha hugeuza gurudumu dogo huko juu, na mitambo iliyo nyuma ya meli hugeuza usukani wenyewe.

Nne kuna pampu. Ziko pampu za mafuta, za maji ya kupoza injini, za maji ya kunywa, za kuzima moto, na za kutoa maji yanayoingia ndani ya meli.

Vyote hivi viko katika dhamana ya mtu mmoja. Anao mafundi wa kumsaidia, lakini jambo likiharibika, yeye ndiye anayeulizwa.

KABLA YA KUNG'OA NANGA

Mkulima mzuri huandaa shamba kabla ya mvua. Mhandisi mkuu naye huanza kazi kabla ya safari.

Kwanza hupima mafuta. Haamini macho wala kumbukumbu. Fundi huteremsha ndani ya tangi utepe wa chuma wenye timazi, kisha husoma alama ya mafuta ilipoishia. Mafuta yanayochukuliwa ni yale ya safari pamoja na akiba, maana upepo mkali unaweza kuichelewesha meli.

Pili huhakikisha kwamba mafuta hayana maji. Maji yakiingia katika dizeli, injini huzimika. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini ya tangi. Mafundi hufungua bomba dogo la chini na kuyatoa.

Tatu huangalia hewa ya kuwashia. Injini kubwa ya meli haiwashwi kwa betri kama ya gari. Huwashwa kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya mitungi mikubwa ya chuma. Ziko injini ambazo, ili meli irudi nyuma, huzimwa kwanza, kisha huwashwa tena zizunguke kinyume. Kwa injini za namna hiyo, kanuni za ujenzi wa meli hutaka mitungi iwe na hewa ya kuwasha mara 12 bila kujazwa tena. Kwa nini mara nyingi hivyo? Meli inapokaribia gati, nahodha huamuru: mbele, simama, nyuma, simama, mbele tena. Hewa ikiisha katikati ya amri hizo, meli haitii tena. Itaigonga gati, au itapelekwa na upepo kwenye miamba.

Nne hujaribu usukani. Sheria ya kimataifa ya usalama wa maisha baharini inataka usukani ujaribiwe katika muda wa saa 12 kabla ya meli kuondoka. Hugeuzwa kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Tena, kila miezi mitatu, mabaharia hufanya zoezi la kugeuza usukani kwa njia ya dharura, kana kwamba ile ya kawaida imeharibika.

WAKATI WA SAFARI

Meli ikiwa safarini, chumba cha mashine hakilali. Katika meli nyingi mafundi hugawana zamu tatu. Kila zamu hufanya kazi saa 4, kisha hupumzika saa 8. Kwa kawaida katika meli kubwa mhandisi mkuu hana zamu yake. Lakini usidhani kwamba amestarehe. Yeye huweza kuitwa saa yoyote, usiku na mchana. Maagizo yake yameandikwa wazi: likitokea jambo hili au lile, niamsheni mara moja.

Fundi wa zamu huzunguka na kukagua. Husoma joto la injini na nguvu ya oili. Husikiliza na kunusa. Mfugaji mzuri humtambua ng'ombe mgonjwa kabla hajalala chini. Humwona amepunguza kucheua, au masikio yamelegea. Fundi mzuri naye huitambua injini mgonjwa kabla haijazimika. Husikia mlio umebadilika, au huona moshi umekuwa mweusi.

Iko hatari moja ambayo kila fundi wa meli hufundishwa. Sehemu fulani ndani ya injini ikipata joto kupita kiasi, oili hugeuka kuwa ukungu. Mtu akikimbilia kufungua kifuniko, hewa huingia, ukungu ule hushika moto, na injini hulipuka. Kwa hiyo amri ni hii: punguza mwendo, zima, ondoka karibu, acha ipoe. Ndipo ufungue. Hapo haraka huua.

Mhandisi mkuu pia huangalia watu wake. Mtu aliyechoka haoni vizuri wala hasikii vizuri. Sheria za kimataifa zinataka kila baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24. Mkubwa anayewanyima wenzake usingizi anaiweka meli nzima katika hatari.

MAJI, MOTO NA HEWA MBAYA

Maadui wa meli ni wengi, lakini hawa watatu humhusu sana mhandisi mkuu.

Adui wa kwanza ni maji. Chini kabisa ndani ya meli kuna mahali panapoitwa ngama. Maji yanayovuja hukusanyika hapo. Zamani katika majahazi, mabaharia waliyafua kwa ndoo. Katika meli za leo kazi hiyo hufanywa na pampu. Mafundi hupima ngama mara kwa mara. Maji yakiongezeka, lazima ijulikane yanatoka wapi. Kutoa maji bila kutafuta tundu ni sawa na kufuta sakafu huku paa linavuja.

Adui wa pili ni moto. Bomba la mafuta likipasuka, mafuta hurushwa kama mvua nyembamba. Yakianguka juu ya chuma chenye moto, yanawaka. Ndiyo maana vyuma vyenye joto kali hufunikwa, na sakafu ya chumba cha mashine haitakiwi kuwa na matambara yenye mafuta. Meli nyingi zina mitungi ya gesi ya kaboni dayoksaidi ya kuzimia moto. Gesi hiyo huondoa hewa, na moto hufa. Lakini mtu aliyebaki ndani hufa pia. Kwa hiyo kabla ya kuifungua, watu wote huhesabiwa mmoja mmoja. Asipoonekana mtu mmoja, lazima ajulikane yuko wapi.

Adui wa tatu haonekani. Ni hewa mbaya ndani ya matangi. Tangi la chuma lililofungwa muda mrefu hushika kutu, na kutu hula ile sehemu ya hewa inayotupa uhai, yaani oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu sehemu 21 katika kila 100. Ikipungua sana, mtu huanguka bila hata kupiga kelele. Mwenzake akimwona ameanguka, huruka kumwokoa, naye huanguka. Mabaharia wengi duniani wamekufa hivyo, wawili wawili na watatu watatu.

Kwa hiyo katika meli inayofuata taratibu haingii mtu tangini bila kibali cha maandishi. Tangi hufunguliwa, hewa safi hupulizwa ndani, kisha hewa hupimwa. Mtu mmoja hubaki mlangoni muda wote. Kazi yake ni kuita msaada. Haruhusiwi kuingia.

Wewe unayechimba visima, lishike sana jambo hili. Kisima kirefu ni kama tangi la meli. Usiteremshe pampu ya injini ikaungurume ndani ya kisima wakati watu wako humo, maana moshi wake ni sumu. Mwenzako akizirai kisimani, usiruke kumfuata. Ita watu. Avutwe kwa kamba aliyofungwa tangu mwanzo. Kama hakufungwa kamba, basi kosa lilikwisha kutendeka kabla hajateremka.

KUPAKIA NA KUTUNZA MAFUTA

Siku ya kupakia mafuta ni siku ya hadhari kubwa. Mhandisi mkuu hukubaliana kwanza na wale wanaoyaleta: ni kiasi gani, yataingia tangi gani, na ishara ya kusimamisha ni ipi. Tangi halijazwi mpaka juu kabisa, kwa sababu mafuta yakipata joto hutanuka. Yakimwagika, huharibu maji wanayokunywa watu na huua samaki.

Hata maji ya ngama huwa yamechanganyika na oili. Baharini haikubaliwi kuyamwaga hivi hivi. Lazima yapite katika mashine ya kuchuja mpaka oili iliyobaki isizidi sehemu 15 katika kila sehemu milioni moja. Kila mara yanapotolewa, huandikwa katika daftari la mafuta. Daftari hilo huhifadhiwa miaka 3 baada ya kuandikwa mstari wa mwisho, ili wakaguzi waweze kulisoma.

DAFTARI NI KUMBUKUMBU YA MASHINE

Tukiwa watu tuliojifunza kusoma na kuandika, sehemu hii inatuhusu sana.

Mhandisi mkuu hushika kalamu karibu sawa na anavyoshika spana. Katika daftari la mashine huandikwa saa ambazo injini imefanya kazi, joto lake, nguvu ya oili, mafuta yaliyotumika, na kila kilichoharibika au kubadilishwa. Kwa nini aandike? Kwa sababu mashine haisemi, na mtu husahau. Leo joto ni digrii 75. Juma lijalo ni 77. Juma la tatu ni 80. Fundi aliyeangalia leo tu hataona kitu. Aliyesoma daftari ataona kwamba kuna jambo linakuja.

Tena daftari linasema ni lini oili ibadilishwe na ni lini vali zifunguliwe. Katika meli, sehemu nyingi hubadilishwa kwa kuhesabu saa za kazi. Hawangoji mpaka zivunjike. Kwa sababu hiyo vipuri huagizwa mapema. Katikati ya maji hakuna duka.

Mhandisi mkuu anapohamishwa, yeye na anayempokea huzunguka pamoja chumba cha mashine. Humwonyesha kila kitu, kizuri na kibovu. Humkabidhi hesabu ya mafuta na vipuri. Kisha wote wawili hutia sahihi.

GRISI ILIYOOKOA MELI

Labda utasema, "Matunzo haya yote, je, yana faida kweli?" Sikiliza habari ya meli iitwayo Liemba.

Meli hii ilijengwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, nchini Ujerumani. Wakati huo iliitwa Graf von Goetzen. Baada ya kujengwa ilifunguliwa tena vipande vipande. Vipande hivyo vilitiwa katika makasha yapatayo 5,000, vikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Huko ikaunganishwa upya. Ilishushwa katika Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1916 Wajerumani walishindwa na kuondoka Kigoma. Hawakutaka adui zao waipate meli, kwa hiyo iliamriwa izamishwe. Kazi hiyo walipewa mafundi watatu waliokuja nayo kutoka Papenburg. Mkubwa wao aliitwa Anton Rüter. Mafundi hawa waliijua kila skrubu ya meli ile. Walitii amri ya kuizamisha, lakini kwanza walizipaka injini grisi nene. Walifikiri kwamba siku moja itafaa tena. Tarehe 26 Julai 1916 ikazamishwa karibu na mdomo wa mto Malagarasi.

Miaka ikapita. Vita vikaisha, na Waingereza wakaitawala Tanganyika. Mwaka 1924 wakaiinua meli kutoka majini. Walipofungua wakakuta kwamba injini na boila zake bado zinafaa. Zilisafishwa na kutengenezwa, na mwezi Mei 1927 meli ikaanza kazi kwa jina jipya, Liemba. Injini zile za mvuke ziliendelea kutumika mpaka miaka ya 1970, zilipoondolewa na kuwekwa injini za dizeli.

Fikiri, ndugu msomaji. Grisi ni kitu cha bei ndogo. Kuipaka ni kazi ya mikono. Lakini kazi hiyo ilizilinda injini chini ya maji kwa miaka.

Na faida yake ilifika mbali. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamekusanyika Kagunga, kijiji kilicho ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka. Kipindupindu kilikuwa kimeingia. Liemba ilikwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma, safari baada ya safari. Ilikuwa imetimiza miaka 100 tangu iliposhushwa ziwani. Mama aliyepanda na mtoto mgongoni hakuwajua mafundi wale wa mwaka 1916, wala wale waliofuata baada yao. Lakini walikuwa wamemfanyia kazi.

KUSEMA HAPANA

Sasa tufikie kazi iliyo ngumu kuliko zote. Ni kusema hapana.

Abiria wamejaa gatini. Mizigo imepakiwa. Wenye meli wanataka fedha. Nahodha anatazama saa. Wakati huo mhandisi mkuu anagundua kwamba pampu ya moto haifanyi kazi. Akinyamaza, atapendwa na wote. Akisema, atachukiwa na wote mpaka pampu itengenezwe. Wajibu wake ni kusema, na kuandika alichosema katika daftari.

Lakini elewa pia kwamba injini nzuri peke yake haitoshi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Mwaka huo huo kilikuwa kimefungwa injini mpya. Injini mpya haiwezi kukiokoa chombo kilichojazwa kupita kiasi. Usalama wa meli ni kazi ya nahodha, ya mhandisi, ya mwenye chombo na ya serikali. Ni kazi yako pia wewe abiria. Ukiona chombo kimejaa, usilazimishe kupanda. Kuchelewa siku moja si msiba.

JINSI YA KUFIKIA CHEO HICHO

Mtu hazaliwi mhandisi mkuu, wala hapewi cheo hicho kwa kujuana. Uko mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 unaoeleza mafunzo na vyeti vya mabaharia. Kwa meli zenye injini kubwa kabisa, anayetaka cheti cha mhandisi mkuu kwa kawaida hutakiwa awe amefanya kazi melini akiwa ofisa wa mitambo kwa miezi isiyopungua 36. Lazima pia afaulu mitihani. Hapa Tanzania, Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam hufundisha kazi za mitambo ya meli. Mwanao, wa kiume au wa kike, akipenda hesabu na fizikia, mtie moyo. Njia ni ndefu, lakini iko wazi.

TUIGE NINI KIJIJINI?

Katika kijiji kimoja nilichofanya kazi palikuwa na mashine ya kusaga. Siku moja fundi aliona oili imegeuka rangi, imekuwa kama maziwa. Hiyo ni dalili ya maji kuingia ndani ya injini. Akasema izimwe. Wakubwa wa kamati wakamwambia, "Malizia foleni hii kwanza, kesho ni siku ya gulio." Alimaliza foleni. Injini nayo ikamalizika. Miezi minne kina mama walitembea na mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili, kwenda na kurudi, na watoto mgongoni. Fundi yule alijua kazi yake. Kilichokosekana ni watu wa kumsikiliza.

Kwa hiyo tuige mambo haya:

1. Mashine iwe na mtu mmoja mwenye dhamana. Mashine ya kila mtu haitunzwi na mtu yeyote.

2. Iwe na daftari. Andikeni tarehe, saa za kazi, mafuta, oili na matengenezo. Daftari la shule linatosha.

3. Ikaguliwe kabla ya kuwashwa. Oili, maji, mkanda na skrubu. Kazi hii haizidi dakika 10.

4. Fedha za vipuri zitengwe kila mwezi, wakati mashine ni nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. Fundi akisema "zima", izimwe kwanza. Maswali yaulizwe baadaye.

6. Fundi mpya akabidhiwe kwa maandishi, mbele ya kamati.

Ndugu msomaji, siku nyingine utakapopanda meli na kusikia mngurumo chini ya miguu yako, kumbuka kwamba yuko mtu anausikiliza pamoja nawe. Mngurumo ule ukibadilika kidogo tu, wewe utaendelea kuzungumza na mwenzako. Yeye atakuwa amekwisha kusimama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHA KISOMO

1. Kwa nini mhandisi mkuu hupima mafuta kwa utepe, na hakadirii kwa macho?

2. Mafundi watatu walifanya nini kabla ya kuizamisha meli mwaka 1916? Faida yake ilikuwa nini?

3. Mwenzenu akizirai ndani ya kisima mtafanya nini? Ni jambo gani lingefanywa kabla hajateremka?

4. Je, mashine ya kijiji chenu ina daftari? Kama haina, nani ataanza kuliandika, na ataanza lini?